Riziki na Daftari la Jirani

Duka hilo lilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi, siku ambazo mishahara ya serikali na ya mahoteli imeshaingia. Ni supamaketi ya bei nafuu, upande wetu wa Ng'ambo, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu. Kabla ya hapo, maduka ya namna hiyo tuliyoyajua hapa Unguja yalikuwa zaidi ya wageni na watalii, na wengi wetu tuliyapita tu njiani. Hili lilitangazwa mtaa kwa mtaa kwa gari lenye vipaza sauti: mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, vyote kwa bei ya chini kuliko dukani kwako. Maneno hayo, "dukani kwako", ndiyo yaliyonikaa kichwani. Dukani kwangu ni kwa Ami.

Naomba nimwite hivyo, kama wanangu wanavyomwita. Duka lake ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao inayotazama njia, na nje pana baraza ambapo wazee hucheza bao baada ya Alasiri. Yeye ni Mwislamu, mimi ni mchungaji wa Kilutheri niliyetoka bara. Hadi leo ananiita Padri, ingawa nimekwisha kumweleza mara nyingi kwamba kwetu tunasema mchungaji. Tulipohamia mtaani hakutuuliza dini yetu. Alituuliza asubuhi tunakula boflo ngapi, ili atuwekee kabla hazijaisha. Chini ya kaunta yake lipo daftari lenye jalada gumu, na ndani yake upo ukurasa ulioandikwa juu neno moja tu: Padri.

Jumamosi ile mimi na mama mchungaji tulikwenda kulijaribu duka jipya tukiwa na orodha mkononi. Sitaficha kwamba tulifurahi. Palikuwa na kiyoyozi, rafu zimejaa, na kila kitu kimebandikwa bei. Kipolo cha mchele wa mapembe, kilo 25, kilikuwa chini kwa shilingi 3,000 kuliko kwa Ami. Mafuta, sabuni na sukari navyo vilikuwa chini. Tulipofika kwa keshia na kupewa risiti, mama mchungaji alipiga hesabu palepale: tumeokoa shilingi 14,500. Kwa nyumba yenye watoto wanne wanaosoma, hizo si fedha za kuchezea. Tulimshukuru Mungu, na nadhani tulimshukuru kwa haki.

Lakini wakati wa kurudi nilifanya jambo dogo ambalo ndilo sababu ya insha hii. Njia yetu ya kawaida hupita mbele ya baraza la Ami. Siku hiyo nilimwambia kijana wa mkokoteni akunje kushoto, tupite uchochoroni nyuma ya msikiti. Mama mchungaji alinitazama, hakusema kitu. Tulifika nyumbani kwa mlango wa nyuma, kama watu walioiba mchele ambao tulikuwa na risiti yake.

Siku kumi na tano baadaye fedha zilikuwa zimekwisha, kama zinavyokwisha nyumbani kwa wengi wenu. Asubuhi hapakuwa na mkate wala sukari. Nikamwita binti yangu nikamwambia, kama nilivyomwambia miezi yote, "Nenda kwa Ami, mwambie aandike." Akaenda, akarudi na boflo sita na nusu kilo ya sukari. Ami alikuwa ameandika. Hakuuliza neno. Niliimega ile mkate, na haikupita kooni kwa urahisi.

Basi nikaanza kujiuliza kile ambacho pengine na wewe, mpendwa msomaji, umewahi kujiuliza mbele ya duka lenye ofa: je, ni dhambi kununua rahisi? Na kama si dhambi, kwa nini nilipita uchochoroni?

Nianze kwa kuitetea bei nafuu, kwa kuwa mahubiri mengi huiacha bila mtetezi. Wazee wa hapa Zanzibar wanakumbuka foleni za mchele na sukari za miaka ya 1970, na sisi wa bara tumesimuliwa na mama zetu jinsi walivyopanga foleni kwenye maduka ya ushirika miaka ya mwanzo ya 1980. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipolegeza biashara, kwanza hapa Visiwani alipokuwa Rais wa Zanzibar, kisha Tanzania nzima, watu walimwita Mzee Ruksa kwa sababu waliona vitu vimerudi madukani. Rafu iliyojaa ni neema. Na katika usharika wetu yupo mama anayefua mashuka kwenye hoteli ya pwani ya mashariki, mwenye watoto watatu na mshahara mmoja. Kwake yeye shilingi 3,000 ni nauli ya siku kadhaa. Nikisimama madhabahuni kumwambia anunue ghali kwa ajili ya ujirani, nitakuwa nimemtwisha mzigo ambao mimi mwenyewe sikuubeba.

Tena bei iliyobandikwa ina uadilifu wake. Nilipofika Unguja mara ya kwanza, lafudhi yangu ya bara iliniongezea bei sokoni. Kwenye supamaketi mgeni na mwenyeji, mwenye kanzu na mwenye suti, wote hulipa sawasawa. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anakemea kumpa tajiri kiti kizuri na kumsimamisha maskini. Bei moja kwa wote iko karibu na fundisho hilo kuliko tunavyodhani. Na maduka madogo nayo yana dhambi zake. Maskini hununua vidogo vidogo, mafuta ya kupimiwa, robo ya sukari, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko aliyenunua dumu zima. Mithali inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu, na mizani hiyo haikai kwenye maduka makubwa peke yake.

Kwa hiyo bei nafuu si dhambi. Lakini kila bei ya chini imelipiwa na mtu fulani mahali fulani, na Mkristo ana wajibu wa kuuliza ni nani. Upo unafuu wa halali: anayenunua shehena nzima kwa fedha taslimu hupata punguzo, asiyekopesha hana madeni mabaya, mteja anayejiokotea mwenyewe hapunguziwi muda wa mhudumu. Huo ni werevu wa kazi, na Mungu amewapa watu werevu ili wautumie. Upo pia unafuu wa kuazima kwa wasio na sauti. Afrika Mashariki tumeyaona. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania mwaka 2014, ilianguka ndani ya miaka michache. Sisi wateja tulipoteza mahali pa kununua tu. Waliowauzia bidhaa walibaki wakidai, na wafanyakazi walibaki bila kazi. Yakobo huyohuyo, katika sura ya tano, anasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana.

Sisi wa Unguja tuna sababu ya pekee ya kulisikia neno hilo. Wageni wa usharika wakija, huwapeleka Mkunazini, kwenye kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Sisemi, na asinisikie mtu nikisema, kwamba supamaketi ni soko la watumwa. Ninachosema ni kwamba mashamba ya karafuu ya kisiwa hiki yalilimwa na watumwa, na karafuu zilifika ng'ambo ya bahari zikiwa na bei bila kuwa na jina la aliyezichuma. Mnunuzi wa mbali hakuwa lazima mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyetazama bei tu akaridhika. Hilo linaweza kutokea kwa yeyote, hata kwa mchungaji mwenye orodha mkononi.

Martin Luther aliliona jambo hili miaka 500 iliyopita. Mwaka 1524 aliandika kitabu kidogo kuhusu biashara na riba. Humo aliikataa kanuni ya wafanyabiashara ya kuuza ghali kadiri mtu awezavyo. Wengi wetu tunalikumbuka hilo. Tunalolisahau ni kwamba aliwakemea pia wanaouza rahisi kupita kiasi kwa nia ya kuwavunja wenzao, ili wabaki peke yao sokoni. Kwake bei ya haki ilikuwa ile inayomrudishia mwuzaji gharama zake na kumlipa kwa kazi yake, usumbufu wake na hatari anayoibeba.

Niliposoma upya jambo hilo nilisimama kwenye neno hatari. Ami anabeba hatari gani? Ananibeba mimi. Mwaka 2020, corona ilipozuia ndege na mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje yakafunga milango, washarika wetu wengi walirudishwa nyumbani bila mshahara, na sadaka ikapungua, na posho ya mchungaji ikapungua nayo. Miezi ile tulikula kutoka kwenye daftari. Ami hakutoza riba hata senti, kwa kuwa dini yake inamkataza. Hakujua tutalipa lini, wala kama tutahamishwa kabla hatujalipa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na yeye alitukopesha akijua fika kwamba matanga ya kudai yangekuwa yake.

Hapo ndipo nilipoielewa ile shilingi 3,000. Nilikuwa nikiiita ughali. Kumbe ilikuwa bei ya daftari. Ni kiasi kidogo ambacho kila mteja wa Ami anaongeza juu ya mchele, ili pawepo mahali pa kwenda siku ya tarehe kumi na tano. Na mimi nilikuwa nimegawa mambo hivi: mwanzo wa mwezi, nikiwa na fedha mkononi, naipeleka supamaketi, katikati ya mwezi, nikiwa sina, naipeleka shida kwa Ami. Mmoja nampa taslimu, mwingine nampa hatari. Kama kila nyumba ya mtaa itafanya hivyo, Ami atabaki na wateja wa mkopo tu, na duka la namna hiyo halimalizi mwaka. Siku litakapofungwa, supamaketi haitamwandikia mtu boflo sita.

Kosa langu, basi, halikuwa kununua rahisi. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther anaieleza amri ya saba, ya kutokuiba, kwa namna ambayo tulikariri kipaimara bila kuipima uzito. Hafundishi tu kwamba tusichukue mali ya jirani. Anafundisha kwamba tumsaidie kuilinda na kuiendeleza riziki yake. Mtu anaweza kuivunja amri hiyo akiwa na risiti halali mfukoni.

Nilichelewa siku tatu kabla ya kwenda kwa Ami. Nilikwenda baada ya Isha, baraza likiwa tupu, nikiwa na fedha nilizoazima kwa ndugu yangu ili nilipe ukurasa wote. Nilimwambia, "Ami, nimekuja kulipa, na nimekuja kusema kitu. Mwanzo wa mwezi nilikwenda kununua kule dukani kupya."

Akawa anahesabu fedha, hakunyanyua uso. "Najua, Padri. Mie mwenyewe nimekwenda. Sukari yao ya ofa ndiyo hiyo unayokunywa."

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akafunga daftari, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikuudhika wewe kwenda. Kila mtu na kipato chake. Nililoudhika ni kupita uchochoroni. Kwani mie ni mtu wa kukimbiwa?"

Nimehubiri miaka kumi na tisa. Sikuwa na jibu la kumpa, isipokuwa kumwomba radhi, na akanisamehe hapohapo kwa maneno ya dini yake. Alikuwa amekigusa kidonda chenyewe. Uchochoro ule ulikuwa ushuhuda dhidi yangu: moyo wangu ulijua kwamba nina wajibu kwa mtu huyu, na miguu yangu ikatafuta njia ya kutokumwona. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Msamaria nao walipita upande mwingine. Sidhani walimchukia yule mtu. Hawakutaka tu kusimama mbele yake.

Baada ya hapo nyumbani tuliweka utaratibu. Mkate, sukari, chumvi, sabuni na vitu vya kila siku tunanunua kwa Ami, na mwanzo wa mwezi tunalipa kwanza daftari kabla ya kwenda popote. Kipolo cha mchele tunakinunua kule kwenye bei nafuu, kwa kuwa Ami mwenyewe anasema faida yake kwenye mchele ni ndogo na usumbufu wa kuubeba ni mkubwa. Si sheria kwa kila nyumba. Yule mama wa mashuka akinunua vyote kwenye ofa, yuko huru mbele za Mungu, na asihukumiwe na mtu, hasa mchungaji. Ninachomwomba, naye amenikubalia, ni kwamba asiache deni mahali pamoja huku akipeleka taslimu mahali pengine.

Jambo hili halikuishia nyumbani. Desemba iliyofuata kamati ya diakonia ilikaa kupanga vikapu vya Krismasi vya wajane na wagonjwa. Mzee mmoja wa kanisa alionyesha kwa hesabu safi kwamba tukinunua kila kitu supamaketi, tutafikia nyumba ishirini na nne badala ya ishirini. Nani angepinga? Ndipo mama mmoja akasema, "Tununue mchele huko, sawa. Lakini hawa wajane wote wana madeni kwenye maduka ya mitaani kwao. Fedha tutakazookoa tuwalipie. Deni likilipwa Desemba, daftari linafunguka Januari, na Januari ndiyo yenye sare za shule." Mzee akajibu kwamba hiyo itakuwa sadaka kwa wenye maduka, tena wengi wao si Wakristo. Mama akamwambia, "Wamewalisha wajane wetu mwaka mzima. Sisi tumewalisha mara moja."

Tulifuata shauri la mama. Nyumba nne zilizokuwa mwisho wa orodha hazikupata kikapu mwaka ule, na mojawapo ilinijia kuuliza. Sijisifu kwamba tulipima sawasawa. Nasema tu kwamba tulipima watu, si bei peke yake, na kupima watu kunachosha zaidi.

Katika Sala ya Bwana tunaomba riziki. Nalipenda neno hilo, kwa sababu ni neno ninalolitumia mimi na Ami pamoja. Asubuhi akifungua milango ya duka namsikia akimtaja Mungu mtoa riziki, nami nikimsikia naitikia moyoni. Luther alipolieleza ombi hilo aliorodhesha vitu vingi: chakula, mavazi, nyumba, serikali njema, hali nzuri ya hewa, na karibu na mwisho wa orodha akaweka majirani waaminifu. Wao pia ni sehemu ya riziki. Mungu anaponijibu ombi hilo hunipa boflo, na hunipa aliyeniwekea boflo. Nikiupokea mkono mmoja wa zawadi na kuukata mwingine, sijapokea ombi langu lote.

Basi ndugu yangu, leo usiku kabla hujafika kwenye ombi hilo, kumbuka jina lako limeandikwa kwenye daftari la nani. Kama lipo, kalipe kabla ya ofa inayofuata. Na kama utakwenda kwenye ofa, nenda; lakini wakati wa kurudi pita njia ya barazani. Sisi sasa mkokoteni wetu hupita hapo kila mwanzo wa mwezi, kipolo kikiwa juu, na Ami huniuliza kwa sauti wazee wote wakisikia, "Padri, leo wamekiuza ngapi?" Namtajia. Wakiwa wameshusha sana, humtuma kijana wake akanunue viwili.